Mwaka Huu Hatutageuzana

Mpendwa Baba Naliaka,

Jana jioni ndugu yako Simiyu alinipigia simu. Baada ya salamu akakohoa kidogo, kisha akauliza kama mwaka huu tutakuwa na ile siku yetu, maana mkewe alitaka kujua kama apike chapati za kuja nazo. Nikamwambia hapana, mwaka huu hatutageuzana. Akasema, "Sawa, shemeji. Nilitaka tu kujua." Akakata simu.

Nimeona si haki Simiyu alisikie jibu hilo kabla yako. Lakini kwenye simu wewe na mimi hatuongei siku hizi. Unaongea na watoto, na simu ikifika mkononi mwangu unauliza, "Mko salama?" nami nasema tuko salama, nawe unasema, "Haya basi." Kwa hiyo nimeamua kuandika. Naandika wazi, anayetaka kusoma asome, kwa sababu mchezo wetu ulitazamwa na watu wengi. Walicheka, wakala, wakarudi makwao, na wengi wao hadi leo hawajui uliishaje.

Unakumbuka ulivyoanza? Ilikuwa siku ya kutimiza mwaka mmoja wa ndoa. Naliaka alikuwa mchanga, hakutaka kulala wala kulazwa. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, nywele sijachana, nalia kwa sababu ilikuwa siku yetu na sikuwa na nguvu hata za kunawa uso. Ukaingia kutoka mjini, wino umekujaa kwenye kucha. Ulisimama mlangoni ukanitazama. Hukusema pole. Ulichukua leso yangu kwenye kamba, ukajifunga kiunoni, ukamchukua mtoto ukambeba mgongoni, ukaniambia, "Leo mimi ndiye Mama Naliaka. Wewe nenda ukae kwenye kiti changu, uwe baba."

Nilidhani unatania. Ukatoka hivyo hivyo, leso kiunoni, mtoto mgongoni, hadi kwenye kibanda cha Mama Wanjiru. Ukaanza kununua sukuma wiki kwa sauti yangu, ile unayosema huwa ninaitoa nikitaka kupunguziwa bei: "Mama, si uniongezee kidogo tu, mtoto anatazama." Mama Wanjiru aliniambia baadaye kwamba alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda asianguke.

Nami nilikaa kwenye kiti chako. Nikanyoosha miguu, nikafungua gazeti, na uliporudi nikasafisha koo kama unavyosafisha wewe. "Mama Naliaka, hii chai inatoka Kericho kwa miguu?"

Ukainamisha kichwa. "Inakuja, mzee."

Vitunguu viliungua. Ugali ulikuwa na madonge. Nilikula nikilalamika, kama unavyolalamika wewe, kwamba nyama imekuwa ndogo na chumvi imekuwa nyingi, nawe ukajibu kila lalamiko kwa heshima mpaka nikashindwa, nikacheka. Hapo ndipo ulipotunga sheria: atakayecheka kwanza ataosha vyombo wiki nzima. Niliosha mimi. Niliosha na mwaka uliofuata, na mwaka baada ya huo. Katika miaka yote ile sikukuona ukicheka kwanza hata mara moja.

Tuliiita Siku ya Kugeuzana. Sijui ni nani kati yetu aliyeipa jina. Ninachojua ni kwamba ilinifaa kuliko zawadi yoyote, kwa sababu kwa siku moja ulikuwa unayaona maisha kutoka pale nilipokaa mimi, nami nikayaona kutoka kwenye kiti chako. Ni kwenye kiti hicho nilipogundua kwamba mtu aliyekaa pale huwezi kumwambia lolote mpaka amalize kusoma gazeti, na kwamba yeye mwenyewe hajui hivyo. Nilikwambia usiku huo, na kuanzia hapo ukawa unasomea gazeti huko huko kazini.

Kisha watu wakaanza kuja. Kwanza alikuja Simiyu na mkewe, kwa bahati tu, wakatukuta katikati ya mchezo. Mwaka uliofuata wakaja makusudi. Jirani zetu wa mlango wa pili, Maalim Athman anayefundisha madrasa mjini na mkewe Bi Zuhura, walikuwa wakisikia vicheko kupitia ukutani, basi tukawaita nao. Simiyu akajipa kazi yake: baada ya chakula alisimama, akafunga vifungo vya koti, akanigeukia mimi niliyekaa kwenye kiti chako, na kutoa shukrani kwa niaba ya ukoo wa "dada yetu." Dada mwenyewe ulikuwa wewe, umesimama karibu na mlango wa jikoni na beseni mkononi, macho chini, kidevu kikitetemeka kwa kicheko ulichokizuia. Watu walianguka kwenye viti.

Hizo ndizo siku zetu nzuri. Ulikuwa na kazi yako katikati ya mji, kwenye kile kiwanda kidogo cha uchapaji kilichokuwa ghorofani juu ya maduka ya vitambaa. Mlichapa kadi za harusi. Yetu uliichapa mwenyewe, baada ya saa za kazi, na ukaniletea ya kwanza kabla wino haujakauka vizuri. Mpaka leo nikiona kadi ya mtu, natazama kwanza mpangilio wa herufi ndipo nisome majina. Umeniambukiza wewe.

Halafu watu wakaanza kutumiana kadi kwa simu. Ulinieleza mara nyingi, bila kuonyesha wasiwasi, kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Wateja walipungua, mkapunguzwa siku, na asubuhi moja mwenye kiwanda akawaita nyote kwenye mashine akawaambia amechoka kulipa pango la chumba kisichoingiza kitu. Uliporudi hukuwa na wino kwenye kucha. Niliona hilo kabla hujafungua mdomo.

Mwezi huo huo, kule nyumba ya wageni Kitisuru nilikokuwa nasafisha vyumba, msimamizi wetu aliacha kazi, nami nikaitwa ofisini nikaambiwa nichukue nafasi yake. Niliogopa kukwambia. Nilikwambia jioni ile ile, nikiwa bado na kiatu kimoja mguuni. Ulisimama, ukanipa mkono kama mgeni rasmi. "Hongera, bosi," ukasema, ukatoka, ukarudi na soda ya baridi, tukainywa pamoja na watoto. Nilikutazama usoni nikitafuta kitu cha kunitia hofu, sikukiona. Ulifurahi. Siwezi kukubali mtu aje aniambie kwamba hukufurahi.

Kazi mpya ilinitoa nyumbani alfajiri, na kunirudisha watoto wakiwa wameshakula. Hatukukaa kikao kuamua nani afanye nini. Ulianza tu. Siku moja ulifua sare za shule, siku nyingine ukapika, kabla hatujatambua nyumba yote ikawa mikononi mwako. Ulienda kwa Bi Zuhura akakufundisha kusuka, ukakaa pale kwenye ngazi na kichwa cha Naliaka katikati ya magoti yako. Mara ya kwanza alienda shuleni na mistari imepinda kama njia ya mbuzi. Mwezi uliofuata ulikuwa unasuka kunishinda. Mwalimu wa darasa alikuingiza kwenye kundi la simu la kina mama, nawe ndiye uliyekuwa ukituma ujumbe wa kwanza kukumbusha siku ya kupeleka rangi na karatasi. Kuna jioni nilifika nikasimama nje ya mlango kidogo, kwa sababu nilikusikia ukiimba ukipiga pasi, na sikutaka uache.

Kwa hiyo sisemi kwamba kazi ile ilikushinda, wala kwamba uliidharau. Nimeliwaza hilo sana. Nadhani ungeiweza miaka mingi kama tungekuwa tunaishi peke yetu duniani.

Mara ya kwanza Mama Wanjiru kukuona na kikapu siku ya kawaida, alikuuliza, "Baba Naliaka, leo ni ile siku yenu tena?" Ukamjibu, "Hapana, leo ni Jumatano tu." Ulinisimulia ukicheka. Akauliza tena wiki iliyofuata, ukanisimulia, lakini hukucheka sana. Alipouliza mara ya tatu hukunisimulia, nilisikia kwake. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amekujua miaka yote kama mtu anayekuja na leso kiunoni kuchekesha, sasa hakuelewa mchezo gani huu usiokwisha.

Kisha nikaona sukuma wiki inakuja imefungwa kwa ukambaa wa mgomba. Mama Wanjiru hufunga kwa kipande cha mpira. Nilipokuuliza ulisema, "Kule ng'ambo ya uwanja wa maonyesho zina majani laini." Jumamosi moja nikapita mwenyewe kwa Mama Wanjiru, akanipunja kwa hasira, halafu akasema, "Mama, mimi na mzee wako tulikosana wapi? Siku hizi ananipita na ile njia ya nyuma. Kama kuna kitu yangu imemuudhi, si aniambie?"

Ulikuwa unatembea mbali vile, na kikapu, ili ununue mboga kwa mtu asiyekujua.

Wakati huo wote ulikuwa ukitafuta kazi. Kila Jumatatu ulivaa shati lako la mikono mirefu ukaenda mjini, ukapanda ngazi za kila nyumba yenye mashine ya kuchapa, na ukarudi kabla watoto hawajatoka shuleni. Mwanzoni ulinieleza walivyokujibu. Baadaye ukawa unasema tu, "Nimezunguka."

Ile siku ikakaribia. Nilikuuliza tukiwa tunapanga nguo, "Mwaka huu tufanye?" Ulikunja shati, ukalikunjua, ukalikunja tena.

"Tukiacha watauliza kwa nini," ukasema.

"Wakiuliza tutawaambia tumechoka."

"Nani amechoka?"

Basi tukafanya.

Nimerudia siku hiyo kichwani mara nyingi, na kitu cha kwanza kinachonijia ni chakula. Miaka iliyopita chakula chako kilikuwa nusu ya mchezo. Wali ulishikana na sufuria, kuku alikuwa mgumu, na mimi kwenye kiti nilipata cha kulalamikia. Mwaka ule ulipika pilau, ukapika kuku wa kukaanga, ukatengeneza kachumbari iliyokatwa nyembamba. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Nilionja, nikatafuta kosa la kusema, nikakosa. Bi Zuhura akaweka kijiko chini akasema, "Baba Naliaka, pilau hii imenishinda hata mimi niliyezaliwa Malindi."

Nawe, badala ya kujibu kwa ile sauti ya kike, ukajibu kwa sauti yako. "Ni mazoezi, Bi Zuhura."

Maalim akainama akajishughulisha na mfupa wa kuku.

Ulitakiwa uje na beseni uninawishe, kama ilivyokuwa kawaida ya mchezo. Ulikuja. Ulipiga goti. Ukanimiminia maji, nami nikaona mikono yako imekauka kwa sabuni kama ilivyokuwa yangu zamani. Nilitaka kusema neno la kufunga mchezo pale pale. Nilijaribu kulitafuta neno hilo nikaona kila nitakalosema litakuvua nguo mbele za wageni. Nikanawa.

Kisha Simiyu akasimama. Akafunga vifungo vya koti.

"Bwana mkubwa," akaniambia, "sisi ukoo wa huyu dada tumekuja kusema asante. Umemlisha. Umemvisha. Mvua ikinyesha haimfikii. Tunapomwona alivyonawiri, tunajua tulimtoa kwa mtu anayejiweza."

Yalikuwa maneno yale yale ya kila mwaka. Hakuongeza, hakupunguza. Mimi nilikuwa nayajua kwa moyo, na wewe pia. Lakini alipofika katikati Simiyu mwenyewe aliyasikia. Nilimwona akiyasikia. Sauti ikashuka, macho yakatafuta pa kwenda, na kwa kuwa hakujua aishie wapi akaendelea mpaka mwisho, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Alipokaa hakuna aliyepiga makofi.

Ndipo ukacheka.

Ulicheka kwanza, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, na hukuacha. Uliweka beseni sakafuni ukacheka umeinama, mikono magotini. Mke wa Simiyu naye akaanza kucheka, akidhani mambo yamekuwa mema, akakuangalia tena akaacha. Naliaka, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, alikuja akasimama kando yangu akanishika mkono wa nguo. Halafu ukajifuta uso kwa pindo la leso, ukasema, "Nimeshindwa. Sheria ni sheria," ukakusanya sahani ukaenda jikoni. Tulikaa sebuleni tukisikiliza maji yakitiririka. Wageni waliaga mmoja mmoja. Simiyu alikwenda mpaka mlango wa jikoni, akasimama, akarudi bila kuingia.

Asubuhi yake uliniambia kwamba jiko la mama yako kule Bungoma linavuja, na kwamba utaenda kulitengeneza kabla mvua hazijazidi. Ulikuwa umeshafunga begi. Nilikuuliza, "Ni jiko kweli, Wafula?" Sikuwa nimekuita kwa jina lako siku nyingi. Ukasema, "Ni jiko." Ukawabusu watoto wakiwa wamelala, ukanishika bega, ukaondoka.

Nataka ujue kwamba nilikasirika. Bado nina hasira, na sitaificha ili barua hii ipendeze. Uliniacha niwaeleze watoto. Uliniacha nitafute msichana wa kukaa nao, nibadilishe zamu, niombe ruhusa kazini kwa sababu mdogo wake Naliaka ana homa. Mambo yale uliyokuwa ukiyafanya ukiimba niliyafanya nikiuma meno. Na sitaomba radhi kwa kupandishwa cheo. Niliinama kwenye vyumba vile miaka mingi, nikitandika vitanda vya watu ambao hawakunijua jina. Sikukunyang'anya kitu. Hakuna aliyekunyang'anya kitu, na pengine ndiyo sababu hukupata wa kugombana naye.

Bi Zuhura alinikuta nikianika nguo juani, nikiwa katika hasira hiyo. Akanisaidia kukamua mashuka. Nikamuuliza kama na wao wana mchezo wao. Alicheka kidogo, akatazama kama Maalim yuko karibu. Akaniambia kwamba kila mkesha wa Idi yeye hujifungia chumbani, na Maalim husimama ukumbini akibisha, hafunguliwi mpaka ataje jambo moja lililompendeza kwa mkewe mwaka huo ambalo hajapata kumwambia. Kuna mwaka alisimama mpaka miguu ikamuuma, maana kila alilolitaja alikuwa ameshalisema.

"Hata wanetu hawajui," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza. Nyie wenzetu mliualika mtaa mzima, mwanangu. Watu wakishazoea kucheka, huwezi kuwaambia leo msicheke."

"Sasa nifanye nini, Bi Zuhura?"

"Mfuate. Usiende kumgombeza. Nenda ukamwone tu anakaaje."

Shule zilipofungwa nikawachukua watoto tukaja Bungoma. Jiko la mama lilikuwa limekwisha, lina mabati mapya, na bado ulikuwapo. Mama alitupokea kwa furaha, akatupikia. Baada ya kula uliinuka, ukashika sahani mbili kuzipeleka jikoni. Nadhani hukutambua unafanya nini. Mama akasema, "Wafula, weka hapo. Mkeo yupo." Ukaziweka. Ukakaa, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Nilizichukua mimi, na nilipokuwa nikiosha nilijiuliza kama huku ndiko ulikokimbilia, mahali ambapo wanakukataza lile lile lililokufukuza kule, na bado huna amani.

Alasiri ile ulisema tutembee mpaka sokoni. Tulipofika kwenye maduka ulisimama mbele ya duka la mbegu na mbolea, lenye kibao kipya, herufi nyekundu zenye kivuli cha rangi ya maziwa. Zilikuwa zimepangwa vizuri. Nilijua kabla hujasema.

"Ile ni yangu," ukasema.

"Nimeona."

"Mwenye duka aliniona nikirekebisha jina la kanisa. Akaniuliza kama naweza. Nikamwambia, nipe brashi." Ukatazama mikono yako, rangi nyekundu imeingia kwenye kucha. "Na kinyozi naye anataka."

Tukakaa kwenye benchi la yule mama anayeuza ndizi mbivu. Ukaninunulia ndizi. Nikakuambia nilichosafiri nacho njia nzima.

"Wafula, sitaacha kazi."

"Sijakwambia uache."

"Basi unataka nini?"

Ulifikiri mpaka nikamaliza ndizi. "Nataka jioni nichoke kwa kazi yangu. Hayo tu. Kule nyumbani nilikuwa nachoka, lakini nikichoka sikujua nimwambie nani. Mwanamke akichoka anamwambia mwenzake. Mimi ningemwambia nani, Mama Naliaka? Kina mama wa kwenye simu?"

"Ungeniambia mimi."

"Wewe ulikuwa unaingia mlangoni umechoka zaidi."

Hilo lilikuwa kweli. Nikakuuliza utarudi lini. Ukasema, "Sijui nikirudi nitakuwa narudi kama nani." Nikataka kukwambia rudi kama wewe mwenyewe, lakini lilionekana neno jepesi, la kwenye mahubiri, nikaliacha. Tulirudi nyumbani jua likizama, na watoto walikuwa wamekusubiri uwafundishe kuchora herufi kwa mkaa kwenye ubao. Siku mbili baadaye tulipanda gari kurudi Nairobi. Ulisimama kando ya barabara mpaka tukakunja kona. Najua kwa sababu Naliaka alikuwa akitazama nyuma, akanieleza yote.

Sasa Simiyu ananiambia unapata vibao mpaka Webuye. Anasema umechora ukuta mzima wa shule ya chekechea, wanyama na tarakimu, na watu wanasimama kuangalia. Nimefurahi, Baba Naliaka. Lakini nikishafurahi hubaki nimekaa kitandani sijui nifanye nini na furaha hiyo, kwa sababu kila kibao unachopata huko ni sababu nyingine ya kutorudi, nami siwezi kukuombea ukose. Nimewahi kuomba ufanikiwe, kisha nikabaki nimefumba macho nikiogopa kusema amina.

Naliaka ameanza kujisuka mwenyewe. Hataki nimguse nywele, anasema navuta. Mdogo wake ameuliza kama baba ni wa Bungoma sasa. Nilimwambia baba ana kazi kule. Ni kweli, na alitosheka nalo. Mimi halijanitosha.

Ndiyo maana nimemwambia Simiyu hapana. Sitaki kiti, sitaki hotuba, sitaki mtu yeyote aje na chapati. Pale nilipo sasa sina wa kugeuzana naye, na hata ungekuwepo nisingetaka ugeuke. Nimechoka kukuona ukiwa mimi, na nimechoka kujifanya wewe. Ningependa tuwe watu wawili waliochoka, kila mmoja kwa kazi yake, wanaokaa meza moja.

Kwa hiyo usije siku ile. Ukija siku ile nitadhani umekuja kwa sababu ya watu, nawe utadhani nimekupikia kwa sababu ya watu. Njoo siku isiyo na jina. Njoo Jumanne. Mtaa wetu huu wa Jamhuri pia una vinyozi, una maduka, una vibanda ambavyo majina yake yamefutika kwa mvua, nami nimeanza kuvitazama nikipita, Mungu anisamehe, kama mwenye duka anayetafuta fundi. Sijui kama vinatosha mtu kuishi. Sitoi ahadi. Nasema tu vipo.

Na kama umeamua kwamba maisha yako ni huko, niambie kwa mdomo wako. Nitalia, nitapanga upya, nitaona la kufanya na watoto. Hilo naliweza. Nisiloliweza ni "Mko salama?" na "Haya basi."

Ukija, ufunguo uko kwa Bi Zuhura. Huenda nitakuwa bado Kitisuru, huenda nitakuwa nimetangulia. Hakuna anayengoja kuhudumiwa. Atakayefika kwanza abandike maji.

Watoto wanakusalimu, na mimi nakusalimu kivyangu. Kaa na afya, ule vizuri, na usipande ngazi ya rangi peke yako.

Mkeo,
Mama Naliaka